Stempu za Ushuru na Leseni: Ushahidi wa Maneno katika Karatasi za Kale

Utangulizi

Tulipokuwa Bariadi, katika kazi ya kukusanya maneno ambayo wazee waliyatumia kwa malipo ya serikali, mzee mmoja wa upande wa Ntuzu alitukaribisha nyumbani kwake. Tuliamkiana kwa Kisukuma, "Mwangaluka", tukaulizana habari za mvua na za pamba, kisha mzee akatutolea kasha la bati lililokuwa na karatasi za marehemu baba yake. Mlikuwa na stakabadhi za pamba za chama cha ushirika, vibali vya kuswaga ng'ombe kwenda mnadani, na karatasi moja ya miaka ya mwisho ya 1960 iliyokuwa na tundu la mraba upande wa juu. Mjukuu wa mzee, zamani alipokuwa mwanafunzi, alikata stempu iliyobandikwa hapo ili aiweke katika daftari lake la stempu. Mkasi ulichukua stempu pamoja na maandishi yaliyokuwa kando yake. Yaliyosalia ni jina la mlipaji, saini ya karani, na maneno mawili, "ya baiskeli".

Tulimwuliza mzee karatasi ile ilikuwa nini. "Hii ni leseni, wanangu," alijibu. Mwanawe, ambaye ni mwalimu, akasema, "Hapana baba, watu waliiita kodi ya baiskeli." Mjukuu, ambaye sasa ni mtu mzima, yeye aliona ni risiti tu. Vizazi vitatu vya nyumba moja vilikuwa na majina matatu kwa karatasi moja, na neno ambalo lingekata shauri lilikwisha kuondoka na stempu.

Sarufi ilitusaidia kidogo. Upatanisho "ya" ulituonyesha kwamba neno lililopotea haliwezi kuwa ushuru, kwa kuwa tungesoma "wa baiskeli". Wala haliwezi kuwa kibali au cheti, kwa kuwa tungesoma "cha baiskeli". Lakini leseni, kodi, ada, stakabadhi na risiti, yote hayo hupatana na "ya". Maneno matatu yaliondolewa, matano yakabaki, na hapo tukakwama.

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya stempu za ushuru na leseni kwa jinsi inavyohusu istilahi zetu. Hoja yetu ni moja. Stempu ya namna hii haina maana kamili ikitengwa na hati yake, kwa kuwa hati ndiyo iliyobeba neno ambalo serikali na mwananchi walilitumia kuitana na kudaiana. Tukizikusanya stempu tukaziacha hati, tutakuwa na picha nzuri lakini tutapoteza maneno.

Stempu ilikotoka

Wengi wetu tulilijua neno stempu kupitia posta. Kwa hiyo tunapolisikia tunafikiri barua kwanza, na stempu ya ushuru tunaiona kama mtoto wa stempu ya posta. Historia inasema kinyume. Karatasi yenye chapa ya serikali, ambayo bila hiyo mkataba haukukubalika kisheria, ilianzishwa Uholanzi mwaka 1624. Uingereza iliifuata mwaka 1694. Ireland ilipata ushuru wake wa namna hiyo mwaka 1774. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1765, Uingereza ilijaribu kuwatoza ushuru huo walowezi wake wa Amerika, na chuki iliyozuka ikawa miongoni mwa sababu za makoloni yale kuasi. Stempu ya posta ya kubandika ilitolewa kwa mara ya kwanza nchini Uingereza mwezi Mei 1840, yaani zaidi ya miaka 200 baada ya karatasi ile ya Uholanzi.

Yafaa pia ieleweke kwamba stempu ya ushuru ya awali haikuwa kipande cha karatasi chenye gundi. Ilikuwa chapa iliyogongwa juu ya hati yenyewe. Kwa Kiswahili kitu hicho tuna neno lake la siku nyingi, nalo ni muhuri, ambalo asili yake ni Kiajemi. Kipande cha kubandika kilikuja baadaye kwa ajili ya wepesi wa kazi. Sheria yetu ya Ushuru wa Stempu ya mwaka 1972 inazitambua njia zote mbili, stempu ya kubandika na chapa ya kugonga. Mfasiri anayeandika "stempu" katika kila mahali bila kutazama kinachotajwa huwachanganya wasomaji wake, hasa pale sheria inapoagiza kwamba stempu ya kubandika ifutwe kwa saini au alama ili isitumike tena. Chapa ya kugonga haina haja ya kufutwa hivyo, kwa sababu haibanduki.

Mpaka kati ya posta na ushuru nao haukuwa imara siku zote. Kuanzia mwaka 1881 Uingereza ilitoa stempu moja kwa kazi zote mbili, na maandishi yake yalitaja posta na mapato pamoja. Huku kwetu, katika miaka ya 1920, Kenya na Uganda zilikuwa na stempu za thamani kubwa hata kufikia pauni 100. Hapakuwa na barua iliyohitaji ada ya kiasi hicho. Stempu hizo zilitumika zaidi kwenye hati za kisheria, ingawa leo watu huzihesabu kuwa za posta. Kisiwani Mafia mambo yalikwenda upande wa pili. Baada ya Waingereza kukiteka kisiwa hicho mwezi Januari 1915, walizichukua stempu za ushuru za Wajerumani, wakazipiga chapa yao, na kuzitumia kwa barua.

Pesa, hela na shilingi

Karatasi hizi ndogo zimeacha alama katika msamiati wetu kuliko tunavyodhani. Serikali ya Kijerumani ilipotoa stempu kwa ajili ya koloni lake la Afrika Mashariki mwaka 1893, ilizipiga stempu za Ujerumani chapa ya neno "Pesa". Neno hilo lilikwisha kuja pwani kutoka Bara Hindi, likazoeleka madukani na sokoni, na mtawala mgeni hakuwa na budi kulifuata. Kwa hesabu ya wakati ule rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 hesabu ilibadilishwa, rupia ikawa na heller 100, na mwaka uliofuata stempu nazo zikaandikwa heller.

Sarafu hiyo haikudumu, kwa kuwa utawala wenyewe uliondoka kwa vita. Waingereza walileta shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Tanzania ikatoa shilingi yake mwaka 1966. Lakini heller ilibaki vinywani, na leo mtu wa Bariadi asiyewahi kuiona sarafu hiyo husema hana hela. Tunaona basi kwamba neno laweza kupanda kutoka sokoni hadi kwenye stempu ya mfalme, kama lilivyofanya neno pesa, na laweza kushuka kutoka ofisini hadi kwenye kinywa cha mkulima, kama lilivyofanya neno hela. Anayetafuta njia hizo za maneno hapaswi kutazama kamusi peke yake. Hapana budi atazame na karatasi.

Kutoka kodi ya nyumba hadi leseni ya baiskeli

Mkoa wa Simiyu ni mpya. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, na Busega ikatoka Mkoa wa Mwanza. Makao makuu yake ni Bariadi, na wilaya zake nyingine ni Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Kwa hiyo mtafiti anayetafuta jina Simiyu katika stempu na hati za kale hataliona, isipokuwa pale panapotajwa mto wenye jina hilo. Karatasi za kabla ya mwaka 2012 zitaonyesha Shinyanga, na za wakati wa Waingereza zitaonyesha Wilaya ya Maswa katika Jimbo la Ziwa. Tunalisema hili mapema kwa sababu mara nyingi tumeona karatasi zenye manufaa zikiachwa kwa kudhaniwa kuwa si za huku.

Kabla ya wakoloni, Msukuma alimpa mtemi wake sehemu ya mavuno na nguvu ya mikono yake. Amri ya Wajerumani ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897, ikaenea bara hatua kwa hatua. Mwanzoni iliweza kulipwa kwa mazao, lakini baadaye ilidaiwa kwa fedha taslimu, na kusudi lake moja lilikuwa kumtoa mtu nyumbani akatafute kazi ya ujira au alime zao la kuuza. Waingereza nao walitunga sheria yao ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa mwaka 1922. Mwaka 1926 wakawapa watemi madaraka ya utawala wa wenyeji pamoja na hazina zao. Basi aliyesimama mbele ya mlipaji mara nyingi hakuwa Mzungu. Alikuwa mwanangwa wa kijiji, karani wa mtemi na daftari lake.

Hapo ndipo karatasi ilipopata uzito wake. Mtu aliyeulizwa njiani kama amelipa kodi hakuwa na utetezi mwingine isipokuwa karatasi mfukoni. Karatasi iliyolowa mvua au kuliwa na mchwa ilikuwa sawa na kodi isiyolipwa. Ndiyo maana wazee waliziweka ndani ya makasha ya bati, na ndiyo maana mpaka leo tunazikuta humo. Hazikuwekwa kwa ajili ya kumbukumbu, ziliwekwa kwa ajili ya usalama.

Pamba ilileta karatasi nyingine. Usukuma ulipokuwa nchi ya pamba, hasa baada ya vita vya pili vya dunia, vyama vya ushirika vilienea, na mwaka 1955 vikaunganishwa katika shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria lililoongozwa na Paul Bomani. Kila mzigo uliopimwa ulikuwa na stakabadhi yake. Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe, mabati na baiskeli, na vitu hivyo navyo vikaleta malipo na karatasi zake. Kulikuwa na leseni ya baiskeli, ya bunduki, ya redio, na ya kuuza pombe kilabuni. Kulikuwa na ushuru wa mnada kwa aliyeuza ng'ombe na kibali kwa aliyewasafirisha.

Watemi walivuliwa madaraka yao kwa sheria mwaka 1963. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972 serikali ilipopeleka madaraka mikoani, zikarudishwa katika miaka ya 1980 kufuatia sheria za mwaka 1982. Kodi ya maendeleo iliyotozwa na halmashauri hizo mpya ilifutwa mwaka 2003, pamoja na kodi nyingine ambazo wananchi waliziita kero. Kila badiliko la namna hiyo lilibadilisha vitabu vya stakabadhi, mihuri na vichwa vya hati. Aliye na karatasi za vipindi vyote hivyo ana historia ya istilahi za utawala mkononi mwake.

Neno jipya juu ya stempu ya zamani

Hebu tutazame mifano miwili ya nchi zilizo mbali, ambayo itatusaidia kuona jambo la kwetu. Ireland ilipojipatia serikali yake mwaka 1922, haikuwa na stempu zake. Mwezi Februari mwaka huo ilizichukua stempu za Uingereza, zenye sura ya mfalme, ikazipiga chapa kwa lugha ya Kiairishi maneno yenye maana ya "Serikali ya Muda ya Ireland" na mwaka. Kwa kuwa stempu hizo zilitumika posta na kwa mapato vilevile, Kiairishi kiliingia kwa siku moja katika barua na katika stakabadhi za biashara. Zanzibar ilifanya vivyo hivyo. Siku chache baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, stempu zenye sura ya Sultani ziligongwa kwa mkono maneno "Jamhuri 1964". Katika nchi zote mbili serikali haikungoja kiwanda kichape stempu mpya. Ilianza na neno.

Watu wanaokusanya stempu za ushuru za Ireland wametuachia somo jingine. Sheria ya mwaka 1865 iliwataka wenye mbwa nchini humo kulipia leseni, na malipo hayo yalithibitishwa kwa stempu maalumu. Leo stempu hizo za leseni za mbwa zinatafutwa sana na wakusanyaji. Lakini aliye na leseni nzima, stempu ikiwa mahali pake, anajua pia mwenye mbwa alikuwa nani, aliishi wapi, na mbwa alikuwa wa rangi gani. Aliye na stempu pekee anajua bei. Tofauti hiyo ndiyo tuliyoiona Bariadi katika tundu la mraba.

Maneno yanayochanganywa

Sasa tuje katika istilahi zenyewe, ambazo kila siku hupita mezani kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Kodi ni malipo ambayo mtu hulazimika kuyatoa kwa serikali bila kupewa huduma fulani mkononi kwa malipo hayo. Ushuru asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi, na mpaka leo linapenda kuambatana na bidhaa, mazao na shughuli, mara nyingi kwa kiwango cha asilimia. Ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Sehemu ya kumi imebaki katika jina tu, lakini tabia ya neno haikubadilika. Ada ni malipo ya huduma inayojulikana, kama ada ya shule au ada ya usajili. Tozo limetokana na kitenzi kutoza, nalo lilijulikana kwa kila mtu mwezi Julai 2021 zilipoanza tozo za miamala ya simu.

Leseni na kibali ni kundi jingine kabisa, kwa kuwa hayo si malipo, ni ruhusa. Leseni ni ruhusa ya kufanya jambo kwa muda fulani na kwa kurudia, kama kuendesha gari au kufanya biashara. Kibali, aghalabu, ni ruhusa ya tendo moja, kama kusafirisha ng'ombe kutoka Meatu hadi mnada fulani siku fulani. Kundi la tatu ni la uthibitisho. Stakabadhi na risiti huthibitisha kwamba fedha au mali imepokewa. Neno risiti limeenea sana mijini, lakini stakabadhi halikufa. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, umelirudisha vinywani mwa wakulima.

Karatasi ya baiskeli iliyotuleta hapa ilikusanya makundi yote matatu. Ilikuwa ruhusa, ilikuwa na malipo, na ilikuwa uthibitisho. Mzee aliiita leseni kwa kuwa aliikumbuka ruhusa. Mwalimu aliiita kodi kwa kuwa aliukumbuka mzigo wa kulipa. Mjukuu aliiita risiti kwa kuwa machoni pake ilikuwa karatasi ya uthibitisho. Hakuna aliyesema uongo. Kilichokosekana ni neno ambalo ofisi ililiandika, na kwa kazi ya istilahi neno hilo ndilo la kwanza kutafutwa.

Jambo jingine linalostahili uangalifu ni kiunganishi cha "-a". Tunaposema ushuru wa pamba, pamba ndiyo inayotozwa. Tunaposema ushuru wa stempu, stempu haitozwi kitu. Hati ndiyo inayotozwa, na stempu ni njia ya kulipia. Kinyume chake, stempu ya ushuru ni kile kipande chenyewe. Tumeona tafsiri ambamo maneno haya mawili yamepinduliwa, na msomaji akaelewa kwamba anadaiwa kipande cha karatasi mahali alipodaiwa ushuru. Vivyo hivyo leseni ya baiskeli ni ruhusa, na stempu ya leseni ni uthibitisho wa malipo ya ruhusa hiyo. Kodi ya kichwa nayo haitozi kichwa, bali huhesabu watu kwa vichwa. Kiunganishi ni kimoja, uhusiano ni wa namna nyingi. Mwalimu anayefundisha ngeli angeweza kupata humo mifano ya darasa zima.

Lugha ya mkusanyaji

Kukusanya stempu ni kazi yenye msamiati wake, na tungependa kuona msamiati huo ukikaa vizuri katika Kiswahili kabla kila mtu hajajitungia wake. Tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe.

Stempu ya posta, stempu ya ushuru na stempu ya leseni yawe majina ya aina tatu za vipande vya kubandika, na neno stempu lisitumike peke yake pale ambapo aina haijulikani kutokana na habari. Karatasi iliyogongwa chapa ya ushuru kabla ya kuandikwa iitwe karatasi ya muhuri. Maneno yaliyoongezwa juu ya stempu iliyokwisha kuchapwa, kama yale ya Zanzibar na Ireland, yaitwe chapa ya nyongeza. Kuharibu stempu kwa saini au muhuri ili isitumike tena kuitwe kufuta stempu, kwa kuwa wakulima na makarani wanalielewa tendo hilo kwa neno hilo. Picha hafifu inayoonekana karatasi ikielekezwa kwenye mwanga iitwe alama ya maji, jina ambalo limekwisha kuzoeleka katika habari za noti. Vitundu vilivyopangwa kando ya stempu ili ichanike kwa urahisi viitwe vitundu vya kuchania. Kiasi kilichochapwa juu yake kiitwe thamani iliyoandikwa, ili kisichanganywe na bei ambayo mkusanyaji yuko tayari kuilipa.

Kuhusu njia ya kukusanya, tunawaomba walimu wawafundishe wanafunzi jambo moja kabla ya mengine yote: stempu ya ushuru isikatwe. Stempu ya posta iliyobanduliwa kwenye bahasha hupoteza mengi, lakini nchi na kazi yake hujulikana. Stempu ya ushuru iliyobanduliwa hubaki na thamani yake tu, na mara nyingi haisemi ililipiwa mkataba wa shamba, leseni ya bunduki au stakabadhi ya mshahara. Hati nzima itiwe katika bahasha safi, isibandikwe kwa gundi wala utepe. Kando yake yaandikwe majibu ya maswali manne: imepatikana wapi, mwenyewe huiitaje kwa Kiswahili, huiitaje kwa lugha ya nyumbani kwake, na hati yenyewe inaitajaje. Majibu hayo matatu ya majina yasipolingana, hapo ndipo penye faida kubwa kwetu. Hati zenye habari za ardhi na mirathi zisitolewe nyumbani. Zinakiliwe na kurudishwa, kwa kuwa bado zaweza kuwa ngao ya familia.

Hitimisho

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tujishughulishe na mambo haya wakati karatasi zenyewe zinakwisha. Jibu letu ni kwamba ndiyo sababu hasa. Ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa mwaka 2017, na kile kibandiko ambacho kila dereva alikiweka kwenye kioo cha mbele kimetoweka. Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi mwezi Julai 1996, ilianzisha stempu za kodi za kielektroniki tarehe 15 Januari 2019, kwanza kwa sigara, mvinyo na pombe kali. Malipo mengi ya serikali hufanywa kwa namba inayotumwa kwenye simu. Neno stempu limebaki, lakini kinachoitwa hivyo leo hubandikwa na mtambo kwenye chupa, na mlipaji hakitii sahihi wala kukifuta. Mtoto anayezaliwa sasa atakuwa na maneno leseni, ushuru na stempu, lakini hataona karatasi iliyoyapa maana. Asipowekewa ushahidi, atayachanganya yote kama sisi tulivyoanza kuyachanganya.

Bariadi na wilaya jirani zake zina makasha mengi ya bati. Wenye makasha hayo ni wazee, na baadhi yao wanatutoka kila mwaka. Karatasi zao hazihitaji fedha nyingi ili zihifadhiwe. Zinahitaji mwalimu wa shule ya karibu, daftari, bahasha, na mtu wa kuuliza kwa adabu. Mzee wetu wa Ntuzu alituruhusu kuinakili ile karatasi yenye tundu pamoja na nyingine zote. Tulipomrudishia, alimwagiza mjukuu wake akalitafute lile daftari la stempu la utotoni, ikiwa bado lipo. Tulimwomba mjukuu kwamba akilipata asibandue kitu, bali atazame kama kando ya stempu, juu ya ukingo ule mwembamba ambao mkasi uliuacha, pamesalia herufi chache za neno lile.